Historia ya Loren Haverkamp, wa Ng'ambo ya Barabara

Azimio Namba 14 la Kamati ya Kudumu ya Kuvutia Vijana, Klabu ya Vani ya Mbalamwezi, Kuhusu Mipaka ya Uwanja wa Mkutano wa Mwaka, Marekebisho ya Tatu.

Padri Niemeyer, ndugu waombolezaji, majirani wa Osterfeld na ninyi mliotoka mbali, msishtuke, sijakosea karatasi, hicho ndicho kichwa cha waraka nilioletewa jana mlangoni pamoja na sinia la kuku wa kukaanga, nikaombwa kwa upole niuingize ndani ya historia ya marehemu kaka yangu, na kwa kuwa sitaki mtu aje aseme niliuficha, nimeanza nao. Kuku tulimla, alikuwa mzuri. Waraka nitaurudia ukifika wakati wake.

Mimi ni Arlene, mdogo wake marehemu, mstaafu wa ofisi ya ardhi ya kaunti, na ninasoma kwa niaba ya familia kwa sababu Curtis, mtoto wa marehemu, aliniambia juzi jikoni, "Shangazi, nikisoma mimi nitalia, ukisoma wewe utagomba, na mwaka huu baba anastahili mtu wa kugomba."

Marehemu Loren Anton Haverkamp alizaliwa tarehe 3 Machi 1952, hapa hapa Osterfeld, Ohio, katika nyumba ya matofali iliyo nyuma ya ghala la nafaka, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Anton na marehemu Hildegard Haverkamp, wafugaji wa nguruwe, watu wa sala na wa maneno machache, ambao walimtarajia mfugaji wa nguruwe wakapata mchoraji, jambo ambalo baba alilisamehe alipofikisha miaka themanini na moja, wiki moja kabla ya kufa, na hata hapo alilisamehe kwa kutikisa kichwa tu.

Alianza masomo katika shule ya parokia mwezi Septemba 1958, akamaliza sekondari Juni 1970, akiwa amefaulu vizuri katika somo moja na kuvumiliwa katika mengine yote, na mwaka uliofuata aliitwa jeshini, akapelekwa Ujerumani, ambako kwa muda wa miaka miwili alilitumikia taifa kwa kupulizia magari rangi ya kijani, kijani ile ile, asubuhi na jioni, akarudi nyumbani Novemba 1973 akiwa na kiu ya rangi nyingine zote zilizobaki duniani.

Januari 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha baiskeli cha hapa mjini, idara ya rangi, akafanya kazi hapo mpaka kiwanda kilipofungwa tarehe 30 Septemba 1996, baada ya hapo kaunti ikamchukua katika karakana ya mabasi ya shule, akapaka njano mpaka alipostaafu mwaka 2017, kwa hiyo mnaweza kusema serikali ilimfungulia maisha kwa kijani na kuyafunga kwa njano, na kila kitu kilichokuwa katikati alijipakia mwenyewe.

Hicho cha katikati ndicho kilichotuleta hapa na magari yote haya mnayoyaona nje.

Mwezi Aprili 1976 marehemu alinunua vani ya duka la mikate lililokuwa limefilisika, gari la kubebea mzigo, halina madirisha, linanuka hamira, na kwa miezi mitatu akaliweka kwenye banda la nguruwe la baba, akakata dirisha la duara kila upande, akabandika zulia la manyoya la rangi ya zabibu kutoka sakafuni mpaka darini, akaweka kitanda, taa ya vioo vya rangi iliyotoka kwenye baa moja huko Lima, mji wa jirani, na ubavuni akachora mwezi mkubwa juu ya ziwa, na mwanamke anayeogelea kuelekea kwenye mwezi huo, mwanamke ambaye mama alitaka kujua ni nani na kwa nini hana nguo. Gari hilo aliliita Mkate. Mnalifahamu. Lipo mlangoni.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, hasa ninyi mliovaa makoti ya klabu, kwa sababu jambo la mwezi Agosti 1976 ninyi mlikuwepo na ninaona limewatoka kichwani. Marehemu na vijana wenzake wanane walipeleka vani zao kwenye maonyesho ya magari ya kaunti, wazee wenye magari ya kifahari ya miaka ya thelathini wakawasimamisha getini, na mzee mmoja mwenye kofia ya majani akazungusha jicho kutoka kwa gari la mikate mpaka kwa gari la fundi bomba, akasema, "Wanangu, hayo si magari, hayo ni makabati yenye magurudumu, yapelekeni ng'ambo kule kwenye nyasi." Wakayapeleka. Wakafungua milango ya pembeni, wakawasha muziki, wakachoma soseji, na ilipofika jioni nusu ya watu waliolipa kiingilio upande ule walikuwa wamevuka barabara kuja upande huu, na hapo kwenye nyasi ndipo ilipozaliwa Klabu ya Vani ya Mbalamwezi. Jumatatu yake marehemu alichukua mabaki ya bati kiwandani, akakata vibati tisa vya kupachika kwenye dashibodi, akaviandika kwa brashi nyembamba maneno matatu, "Ng'ambo ya Barabara", na mwaka chini yake. Kila mwanzilishi alipata kimoja. Kabla ya ibada nimepita nje nikachungulia, vipo bado, Garland, chako umekisugua mpaka kinang'aa.

Garland Tussing, kwa wasiomjua, ndiye yule wa benchi la pili, mwenyekiti wa kamati, mwenye gari lililokuwa la fundi bomba.

Tarehe 14 Mei 1977 marehemu alifunga ndoa katika kanisa hili na Rosella Bruns, aliyekuwa akiuza tiketi za sinema, na ambaye alipoulizwa na mama kama ndiye yule anayeogelea alijibu, "Hapana mama, mimi siwezi kuogelea," jibu lililomaliza mazungumzo ya siku hiyo, na walijaliwa mtoto mmoja, Curtis, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1979. Kuhusu swali ambalo wanaklabu wamekuwa wakimtania nalo Curtis tangu akiwa shule ya msingi, yaani alipatikana wapi, familia haina la kusema mbele ya Padri, isipokuwa kwamba mtoto mwenyewe ni mtu wa bima, anakaa Arizona, na hajawahi kulala ndani ya gari lolote kwa hiari yake. Rosella alitangulia mbele za haki tarehe 2 Desemba 2011, na marehemu alimwendesha mwenyewe mpaka makaburini, ndani ya Mkate, juu ya zulia la zabibu, milango ya pembeni ikiwa wazi ingawa theluji ilikuwa inaingia.

Baada ya msiba huo marehemu alianza kuhesabu viti. Aliniambia, "Arlene, mwanachama wetu mdogo kuliko wote ana miaka hamsini na minane, na tunamwita Mtoto." Alilisema mkutanoni, na klabu ikashtuka, na kwa kuwa ni klabu ya watu wazima ikashtuka kwa kuunda kamati. Kamati ya Kudumu ya Kuvutia Vijana iliundwa Machi 2012, na tangu hapo imefanya mambo mengi, nayafahamu yote kwa sababu marehemu alikuwa akinisimulia Jumapili tukila, na mimi nilikuwa nikicheka mpaka nashika meza. Walichapisha kipeperushi cha kuwaalika vijana, kwa herufi kubwa, maana wao wenyewe hawakuweza kusoma ndogo. Walikibandika posta. Walianzisha mchezo wa bingo. Walimleta mtaalamu kutoka Columbus, akawaambia vijana wanapenda kusikilizwa, wakampigia makofi, wakamsindikiza, kisha wakapitisha azimio kwamba vani itakayoingia uwanjani lazima iwe imetengenezwa kabla ya mwaka 1990, lazima iwe na mchoro unaoonekana kutoka barabarani, na lazima mwenye nayo adhaminiwe na mwanachama wa miaka kumi. Mwaka 1990, ndugu zangu. Vijana waliokuwa wanatafutwa walikuwa hawajazaliwa, na magari ya umri huo yaliyobaki yote yako mikononi mwa wale wale waliopitisha azimio, ambao hawayauzi.

Marehemu hakuwa na kamati. Alikuwa na mlango. Kila Ijumaa jioni aliegesha Mkate kwenye maegesho ya duka la vyakula, akafungua mlango wa pembeni, akawasha ile taa ya baa, akakaa kwenye kiti cha kukunja akila karanga, basi. Hakumwita mtu. Mei 2019 akapita binti aliyetoka zamu kwenye kiwanda cha mayai, bado amevaa wavu kichwani, akasimama, akachungulia.

"Babu, hii nyumba ya nani?"

"Ya mtu yeyote aliyevua viatu."

Binti akavua viatu, akaingia, akalala chali akiangalia zulia la darini, na aliponyanyuka alisema maneno ambayo marehemu aliyarudia mbele yangu mara nyingi kuliko sala zake, "Babu, nifundishe hii kitu, kabla hamjafa wote."

Huyo ni Yesenia Cordero. Simama mwanangu wakuone. Haya kaa. Akanunua vani iliyokuwa ya duka la maua, ya mwaka 2011, akaileta kwa marehemu siku hiyo hiyo, na baada yake wakaja wenzake, mwenye vani ya shirika la simu, mwenye vani ya kanisa, ndugu wawili wenye vani ya kubebea mbwa ambayo mpaka leo mvua ikinyesha inawakumbusha ilikotoka, na banda la nguruwe la baba likawa na taa tena kila Jumamosi. Aliwafundisha kukata dirisha bila kupasua bati, kubandika zulia kwenye kona, kuchanganya rangi ya mwezi, ambayo alisema si nyeupe, asiyejua hilo akapake friji. Walimtania, naye akawatania. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mmoja wao, "Mshono huo kijana, hata nguruwe wa marehemu baba wasingeukubali," na kijana akajibu, "Ndio maana walihama, Babu." Kama hiyo siyo kuvutia vijana, naomba kamati inieleze ni nini, lakini wasinieleze leo.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Marehemu aligundulika kuwa na udhaifu wa moyo Oktoba 2021, akatibiwa kwa dawa, akakatazwa chumvi, ngazi na hasira, na kwa chumvi alitii. Mwaka huu alisema jambo moja tu analolitaka ni kuingia kwenye Mkutano wa Mwaka akiwa mbele, na vijana wake wakiwa nyuma yake kwa mstari mmoja, mara moja, awaone wakipewa vibati vyao vya dashibodi kama wanachama, halafu hao madaktari wafanye watakavyo. Aliwadhamini wote kwa jina lake. Aliwaambia waoshe magari.

Ijumaa tarehe 14 Julai 2023, asubuhi, walifika getini kwa mstari huo. Nilikuwa kwenye kiti cha abiria cha Mkate, nimeshika bakuli la saladi ya viazi, kwa hiyo hili sijasimuliwa. Garland alitoka na ubao wake wa kuandikia, akampa marehemu mkono, kisha akaangalia nyuma.

"Wewe pita, Loren bwana. Nafasi yako ipo chini ya mti, kama kila mwaka. Hao hapana."

"Hao nani?"

"Hiyo ya mbele ni ya maua."

"Yangu ilikuwa ya mikate. Yako je, Garland? Si tulikaa upepo unakotoka mpaka Pasaka, kwa harufu ya vyoo?"

Watu wa kwenye foleni walicheka. Garland hakucheka.

"Usinifanye mimi mbaya. Kanuni ni kanuni."

"Kanuni uliiandika wewe."

"Niliiandika kwa niaba ya kamati."

"Kamati ya nini?"

Na Garland Tussing, mtu mzima, mwenye wajukuu, aliyesimama Agosti 1976 mbele ya mzee mwenye kofia ya majani mpaka machozi yakamtoka, akajibu bila hata kupepesa jicho, "Ya kuvutia vijana."

Marehemu hakupiga kelele. Alirudisha gari nyuma, taratibu, akavuka barabara, akaegesha kwenye shamba la nyasi la mzee Wuebker, na vijana wakamfuata. Nilimwambia, "Kaka, moyo wako." Akasema, "Moyo wangu umefurahi, Arlene, upande huu naufahamu." Wakafungua milango. Wakachoma soseji. Sitawadanganya, jioni ile ilikuwa nzuri, na kuna wanaklabu waliovuka barabara kimya kimya kuja kula, nawaona humu, siwataji.

Jumamosi alasiri marehemu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, akimwonyesha Yesenia jinsi ya kuchora mwezi ubavuni mwa ile vani ya maua, kwa sababu binti alikuwa amesema kama wanataka mchoro unaoonekana kutoka barabarani basi wauone, na alikuwa amefika kwenye ukingo wa chini wa duara, pale rangi inapobadilika, alipouweka mkono chini na kuinamisha kichwa. Wahudumu wa huduma ya kwanza walikuwa upande wa pili wa uzio, kwenye hema, karibu na jukwaa la washindi. Yesenia alikimbia mpaka getini. Getini alikuwepo Garland, na Garland alimwuliza, "Mkanda wako wa kiingilio, wa mkononi, uko wapi?"

Yesenia akaruka uzio.

Daktari wa zamu katika hospitali ya kaunti, aliyenipokea kwa heshima kubwa, aliniambia hata kama hema lile lingekuwa miguuni pake moyo ule usingerudi, na mimi namwamini, na ninalisema hapa kwa sauti ili Garland alisikie na alale. Garland, hukumuua kaka yangu. Hasira yangu haihusu dakika zile. Inahusu kilichofuata.

Jana, Jumatano, Garland alikuja kwangu na yule kuku na ule waraka. Alisimama kibarazani, macho mekundu, akasema, "Arlene, nilimwuliza mkanda. Sijui kwa nini. Mdomo ulisema wenyewe." Nikamkaribisha ndani. Laiti angeishia hapo, leo ningemkalisha pamoja na familia. Lakini akanipa waraka, nikavaa miwani, nikausoma, nao unasema, nafupisha, kwamba kamati ilikutana kwa dharura na kuazimia kuwa shamba la nyasi la Wuebker lihesabiwe kuwa sehemu ya uwanja wa Mkutano wa Mwaka, kuanzia Ijumaa tarehe 14 Julai, saa mbili asubuhi, ili ionekane kuwa mwanzilishi Loren Haverkamp alifariki ndani ya uwanja, miongoni mwa wanaklabu wenzake, na kwamba tuzo mpya ya kuvutia vijana ipewe jina lake, na Mkate uwekwe kwenye banda la klabu, nyuma ya kamba, vijana wapate kuutazama.

Nilimwuliza swali moja. "Kama shamba lilikuwa ndani, basi na vijana wake walikuwa ndani. Watapewa vibati vyao?"

Akageuza kofia mikononi. "Hilo kamati haikulijadili."

Ndugu waombolezaji, nimefanya kazi ofisi ya ardhi miaka thelathini na moja. Nimeona watu wakisogeza mipaka kwa sababu ya mti, ya kisima, ya chuki na ya ulevi. Sijawahi kuona wazee wakipiga kura kuusogeza uzio ili wamweke ndani maiti na kuwaacha nje walio hai. Mlimkosa kaka yangu akiwa na pumzi siku mbili nzima, umbali wa barabara moja, na mkamtaka alipokuwa hawezi tena kuleta mtu nyuma yake. Tuzo sitaki. Kamba kafungieni mbuzi. Curtis, ambaye ndiye mrithi, asubuhi hii amempa Yesenia funguo za Mkate, mbele ya Padri, na binti huyo ndiye atakayeliendesha gari hilo sasa hivi likiwa na jeneza, milango wazi, vani ya maua itafuata ikiendeshwa na mwenzake, mwezi wake ukiwa nusu, haujamaliziwa, na hizo nyingine za vijana nyuma yake. Wanaklabu mtafuata baada yao. Mwenye neno anione makaburini, nitakuwa nimesimama.

Kwa niaba ya familia, tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu tangu 2021, wahudumu wa huduma ya kwanza waliovuka barabara wakikimbia, mzee Wuebker aliyetoa shamba bila kuombwa na ambaye anaomba itangazwe kwamba hakuulizwa na kamati yoyote na kwamba nyasi ni zake, majirani kwa vyakula, wafanyakazi wenzake wa kiwandani na wa karakana ya mabasi, Padri Niemeyer kwa subira, na wale wanaklabu waliovuka kuja kula soseji, Mungu aliwaona hata kama kamati haikuwaona.

Lala, kaka yangu, pumzi yako ilikuwa fupi na kazi ulimaliza, isipokuwa nusu mwezi, na huo yupo wa kuumaliza.

Na kwa kumbukumbu, maana yatasemwa mengine: Loren Anton Haverkamp alifariki Jumamosi tarehe 15 Julai 2023, alasiri, ng'ambo ya barabara, nje ya uzio, pamoja na vijana aliowaleta, kwa sababu hawakuruhusiwa kuingia naye akakataa kuingia bila wao.